Mtoto mdogo aliyeumia kichwa akiruhusiwa wodini: jinsi ya kumfikisha kwenye huduma za mapema

Swali tunaloulizwa kuliko mengine yote na wazazi wa Dodoma mjini, Bahi, Kongwa na Mpwapwa ni hili: mtoto alianguka au aligongwa na bodaboda, akalazwa, akaruhusiwa, na sasa anatembea na kula kama kawaida. Je, bado ana haja ya kupelekwa kwa wataalamu wa utengamao, yaani wanaomsaidia kurudisha na kujenga uwezo wake? Anayo, na anastahili. Mtoto aliyeumia ubongo kabla hajatimiza miaka 5 anastahili kupimwa na kufuatiliwa kwa sababu ameumia. Asisubirishwe mpaka achelewe kuongea au mpaka mwalimu wa awali amwite mzazi. Haya ni mambo tuliyojifunza kazini, kliniki na vijijini, na tunayaandika kwa ajili ya wazazi, wauguzi wa zahanati na walimu wa madarasa ya awali.

Kuna imani iliyoenea kwamba ubongo wa mtoto bado laini, kwa hiyo utajirudi wenyewe. Ukweli ni kwamba watoto walioumia vibaya wakiwa wadogo sana, walipofuatiliwa kwa miaka, mara nyingi walionekana kuwa na matatizo mengi zaidi kuliko walioumia wakiwa wakubwa kidogo. Aliyeumia na miaka 9 tayari anajua kuongea, kuhesabu na kusubiri zamu yake. Aliyeumia na miezi 18 mengi ya hayo bado hajajifunza, na atalazimika kujifunza kwa ubongo ulioumia. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kujizuia na kushika maagizo mawili matatu kwa pamoja, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Mtoto wa miaka 2 hadaiwi kazi hizo, hivyo kasoro haionekani. Huja kuonekana darasa la kwanza, au la tatu, na wakati huo anaitwa mtukutu au mzito. Hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuanguka kutoka kwenye paa la tembe.

Chukua mtoto aliyeumia akiwa na miezi 20, mwenye maneno kama 15: mama, baba, maji, mbuzi, njoo, sitaki, na mengine. Wiki mbili baada ya kuruhusiwa bado anayo yote. Nyumbani wanamshukuru Mungu, na kadi inaandikwa kwamba anaendelea vizuri. Akifika miezi 26 ana maneno 18. Hakupoteza hata moja, lakini wenzake wa umri huo wana maneno mengi na wanayaunganisha: "mama maji", "baba njoo", "mbuzi huyo". Jeraha limempunguzia kasi ya kupata kipya. Kipimo cha wiki ya pili kisingeliona hilo hata kama kingefanywa na bingwa, kwa sababu kilikuwa kinahesabu akiba aliyoiweka kabla ya kuumia. Ndiyo maana tunasisitiza kipimo kirudiwe, na ndiyo maana tunapinga kabisa mtoto kufungiwa faili kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri.

Wazazi wengi husoma kwenye simu maelezo ya Marekani wakidhani ni utaratibu wa hapa, kwa hiyo tuutenganishe. Kule kuna sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu, IDEA kwa kifupi chake. Sehemu C ya sheria hiyo inahusu watoto tangu kuzaliwa mpaka wanapotimiza miaka 3. Sehemu B inawachukua kuanzia hapo hadi miaka 21. Jeraha la ubongo liliongezwa kama kundi linalojitegemea kwa upande wa shule mwaka 1990. Kwa wadogo, mtoto huingia kwa moja ya njia mbili: ama apimwe aonekane amechelewa, ama awe na hali iliyothibitishwa na daktari ambayo kwa kawaida huleta uchelewaji, hata kama leo hajachelewa. Kiwango cha kuchelewa kinawekwa na kila jimbo. Jimbo likisema asilimia 25, maana yake mtoto wa miezi 24 anayefanya mambo ya miezi 18 anaingia. Lakini sheria inataka pia maoni ya kitaalamu ya anayempima yakubalike yenyewe, hata kama alama za kipimo hazijatosha kumwingiza. Anayemgundua mtoto anatakiwa ampeleke ndani ya siku 7, na tangu jina linapofika ofisini, upimaji na kikao cha kwanza cha kupanga huduma vikamilike ndani ya siku 45.

Siku hizo 45 hazimfungi mtu yeyote Dodoma. Kinachotufaa ni ile njia ya pili, ya kumwingiza mtoto kwa kigezo cha jeraha lenyewe. Hilo daktari wa hapa anaweza kuliandika leo kwenye barua ya rufaa.

Huduma zetu zimegawanyika kati ya afya, ustawi wa jamii na elimu, na hakuna ofisi moja inayomshika mtoto mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, imelenga kuzikutanisha sekta hizo. Hata hivyo, kwa mtoto mmoja mmoja anayezikutanisha ni mzazi, na chombo chake ni faili.

Kwa hiyo tuanze na faili, kwa kuwa hapo ndipo mambo huharibika mapema. Karatasi nyingi za kuruhusiwa zimeandikwa mstari mmoja: jeraha la kichwa, ana nafuu, arudi akizidiwa. Karatasi hiyo haimsaidii mtoto miaka mitatu baadaye. Kabla ya kutoka wodini, muombe daktari kwa upole aandike tarehe na namna mtoto alivyoumia, na kama alianguka, kutoka urefu gani. Aandike alama za fahamu alipofika na alama za chini kabisa alizowahi kuwa nazo. Kipimo hicho huitwa GCS, kinaanzia 3 hadi 15, na kwa watoto wasiojua kuongea kuna toleo lao. Alama 13 hadi 15 huhesabiwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kubwa. Aandike alipoteza fahamu kwa muda gani, kama alipata degedege na ilikuwa siku ya ngapi. Degedege ndani ya siku 7 za kwanza na degedege inayokuja baada ya hapo hazichukuliwi sawa. Ya pili inaashiria zaidi kwamba kifafa kinaweza kubaki. Kama alipigwa kipimo cha CT, yaani picha za mionzi za ndani ya kichwa, chukua ripoti ya maandishi pamoja na picha. Picha bila ripoti hupotea maana, na wengi huondoka na bahasha ya picha tu.

CT ikiwa safi, mzazi huambiwa kichwa hakina shida, na kwa upande wa damu kuvuja au fuvu kupasuka hilo linaweza kuwa kweli. Lakini nyuzi za neva zilizovutwa na kukatika wakati kichwa kilipotikiswa kwa nguvu mara nyingi hazionekani kwenye CT. MRI, kipimo kingine cha picha kinachotumia sumaku, huona zaidi, lakini mtoto mdogo huhitaji kulazwa usingizi ili atulie, na haiwezekani kila mahali. CT safi isitumike kumnyima mtoto rufaa ya utengamao. Ikitokea umeambiwa hivyo, jibu la heshima ni: "Daktari, naomba afuatiliwe ukuaji wake hata kama picha ni nzuri."

Kama ni ajali ya barabarani au kipigo, kuna PF3 ya polisi. Watu huiona kama kibali cha kutibiwa, halafu huitupa. Itoe nakala, iweke kwenye faili. Bima ya chombo cha moto kwa ajili ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, bodaboda ikiwemo, na dai la mtoto husimama juu ya PF3, taarifa ya polisi na ripoti za hospitali. Usikubali kulimaliza kwa kupatana juujuu wiki ya kwanza, eti mwenye pikipiki kalipa dawa, kwa sababu wiki ya kwanza hakuna anayejua mtoto atahitaji nini akiwa na miaka 7. Na kama mtoto ameumizwa na mtu mzima, au maelezo ya kuumia hayalingani na umri (mtoto wa miezi 2 hawezi kujibiringisha mwenyewe mpaka aanguke kitandani), taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au namba 116, ambayo hupigwa bure.

Wiki za mwanzo nyumbani zina hatari zake, tuzitaje haraka. Kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usioamshika, degedege, mboni za macho zisizolingana, maji maangavu puani au sikioni, utosi uliovimba mtoto akiwa ametulia na amekaa wima: hayo ni ya kurudi hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Mawili yanayosahaulika huchelewa kuja. La kwanza ni maji kujaa kichwani. Mzingo wa kichwa upimwe kila mwezi kwa utepe, juu ya nyusi na juu ya masikio, na uandikwe kwenye kadi ya kliniki. La pili huwapata zaidi walio chini ya miaka 3 waliovunjika fuvu: ufa badala ya kuziba unapanuka, na baada ya wiki au miezi panatokea uvimbe laini unaodunda. Uvimbe huo usikandwe kwa maji ya moto wala kupakwa dawa. Ni wa daktari wa upasuaji wa ubongo, na huduma hiyo kwa kanda ya kati inapatikana Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Kupima ukuaji, na makosa yanayofanyika

Ratiba tunayoiona inafaa ni kupima mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya kuumia, kisha kila mwaka mpaka amalize darasa la tatu. Kila mara yapimwe maeneo matano: viungo vikubwa na vidogo (pamoja na kusikia na kuona), kuelewa, kuwasiliana, tabia na mahusiano, na kujihudumia, yaani kula, kuvaa, kwenda haja. Eneo moja likianguka linatosha kumwombea mtoto huduma.

Vifaa si lazima vitoke nje. MDAT, kipimo kilichotengenezwa Malawi na kuchapishwa mwaka 2010, kina vipengele 136 kwa watoto wa hadi miaka 6, kimejengwa kwa vitu ambavyo mtoto wa kijijini amewahi kuvishika. Hilo ni kubwa. Mtoto wa Chemba akipewa fumbo la vipande la picha ya treni ya theluji akashindwa, hujui kama ameshindwa ubongo au ameshindwa theluji. Kwa mwendo, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinasema watoto wenye afya hukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Upana huo uheshimiwe: mtoto wa miezi 14 asiyetembea hajachelewa kwa hilo pekee. Lakini mtoto aliyekuwa akitembea na miezi 13, akaumia, na sasa anatambaa, huyo amerudi nyuma, na kurudi nyuma hakuhitaji jedwali.

Kosa la kwanza ni lugha. Mtoto wa Kondoa aliyelelewa na bibi kwa Kirangi, au wa Chemba anayesikia Kisandawe, au wa Chamwino anayesikia Kigogo, akipimwa kwa Kiswahili peke yake ataonekana hana maneno. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Jina la kitu kwa Kiswahili na jina lake jingine kwa Kigogo ni maneno mawili. Kama mpimaji hajui lugha ya nyumbani, aje ndugu anayejua, na jina la lugha liandikwe kwenye fomu. Tumeona mtoto anayefahamu vizuri sana akipewa alama za chini kwa kosa hili, na kibaya zaidi, tumeona uchelewaji wa kweli ukipuuzwa kwa maneno "ni lugha tu, atazoea".

Kosa la pili ni saa. Uchovu ni moja ya alama kuu za ubongo ulioumia. Mtoto aliyeamshwa saa kumi alfajiri kupanda basi kutoka Mpwapwa, akasubiri foleni mpaka saa saba mchana, hapimwi ubongo, anapimwa safari. Upande mwingine, mtoto aliyepumzika vizuri hufanya kila kitu kwa dakika kumi za mwanzo kisha anavunjika: anatupa vitu, analia, anajilaza. Mpimaji mwenye haraka hukusanya dakika kumi hizo na kuandika "kawaida". Pima zaidi ya nusu saa, au mara mbili kwa siku tofauti, na andika ni dakika ya ngapi mtoto alianza kuchoka. Dakika hiyo ni taarifa ya maana kuliko alama nyingi.

Kosa la tatu ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza bibi, "Shikamoo bibi, mtoto anaongea?" atajibu anaongea, na hakudanganyi. Muulize hivi: "Bibi, wiki hii amesema neno gani ambalo mwezi jana hakuwa nalo?" Bibi akikaa kimya akifikiri, akasema hakumbuki, umepata jibu. Vivyo hivyo, badala ya kuuliza kama anaelewa, mwambie mtoto wa miaka 3 achukue kikombe mkekani ampelekee mama, halafu arudi achukue kijiko, maagizo yote mawili kwa mkupuo, bila kumwonyesha kwa kidole wala kuangalia kikombe. Watu wazima wana tabia ya kuelekeza kwa macho bila kujijua, na mtoto hufuata macho. Huyo anaonekana ameelewa lugha kumbe amesoma uso wako. Mtoto aliyeumia mara nyingi huleta kikombe, akasimama. Kijiko kimepotea njiani. Rudia na maagizo mengine matatu ya mawili-mawili. Akipoteza la pili kila mara, andika hivyo kwa maneno yaleyale, usiandike "hasikii maelekezo".

Kosa la nne ni kusahau masikio. Mfupa wa pembeni ya kichwa ukivunjika unaweza kuua usikivu wa upande mmoja, na mtoto anayesikia kwa sikio moja hugeuka akiitwa nyumbani kwenye utulivu, lakini darasani lenye watoto 80 hasikii kitu. Apelekwe kliniki ya masikio, pua na koo kabla hajaitwa mzito wa lugha. Macho pia.

Na mkono. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea. Ukiona ananyoosha wa kulia hata kitu kikiwa kushoto kwake, tazama wa kushoto: ngumi imefungwa? Kidole gumba kimejificha ndani? Kuanzia mwaka mmoja, mpe kipande kidogo cha zabibu kavu, ambazo Dodoma hazikosekani, kila mkono kwa zamu, na uangalie kama anakidokoa kwa kidole gumba na cha shahada au anakikomba kwa kiganja kizima. Kaa naye, kikate kiwe kidogo, na usimpe mtoto anayepaliwa akila.

Nani aende wapi

Kwa mpangilio wa kawaida, zahanati au kituo cha afya hutoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Benjamin Mkapa. Rufaa isiseme tu "kliniki ya watoto". Itaje huduma: fiziotherapia (ya viungo na mwendo), tiba kwa vitendo (ya shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), tiba ya lugha na matamshi, masikio, macho. Wataalamu wa lugha na matamshi ni wachache nchini, kwa hiyo jina la huduma likiandikwa mapema, mtoto anaingia kwenye foleni mapema. Degedege na tabia zilizobadilika sana, daktari wa watoto aziangalie kwanza; Hospitali ya Mirembe wapo pia kwa upande wa afya ya akili, na hakuna aibu kuelekezwa huko.

Sera inasema mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya umma. Vipimo vikubwa na vifaa vinaweza kuja na gharama, hivyo ulizia kabla, na ukishindwa nenda ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali ukiwa na barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa. Mtoto akitimiza miaka 5 msamaha huo unaisha, na hapo ndipo wengi hupotea kliniki. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa, hakikisha masikio, macho na upimaji mkubwa vimefanyika.

Omba tarehe za huduma mbili au tatu ziwekwe siku moja. Wapangaji wengi hukubali wakijua unatoka Kibaigwa au Kondoa. Na fikirieni msimu: mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, na wakati huo familia iko shambani na barabara za vijijini hazipitiki. Kuanzia Novemba mtaalamu ampe mzazi mazoezi ya nyumbani ya miezi yote hiyo, yaliyoandikwa na kuonyeshwa kwa mikono, badala ya tarehe ambazo zitakosekana.

Mazoezi hayo yawe mafupi: dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku, mtoto akiwa amelala vya kutosha na ameshiba. Chakula na vitu vya kuchezea viwekwe upande wa mkono dhaifu. Kuufunga mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ufanye kazi kunasaidia baadhi ya watoto, lakini kwa usimamizi wa mtaalamu tu. Kukifanywa holela humfanya mtoto akate tamaa kabisa. Anayepaliwa alishwe akiwa wima, uji mzito kidogo kuliko maji, abaki wima kama nusu saa baada ya kula. Dawa za degedege zisikatishwe ghafla hata akikaa miezi bila kuanguka, kwani kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokoma. Na jamani, mtoto huyu asibebwe tena mbele ya dereva juu ya tangi la pikipiki. Kuumia mara ya pili kabla ubongo haujapona hugharimu zaidi ya mara ya kwanza.

Swali la mtoto aingizwe kundi gani kisheria lisiwakwamishe. Ufafanuzi wa Marekani wa jeraha la ubongo unahesabu nguvu iliyotoka nje, na unawaacha walioumia wakati wa kuzaliwa, ambao huingia kwa makundi mengine. Hapa, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata malaria kali ya ubongo au homa ya uti wa mgongo anahitaji wataalamu walewale kama aliyegongwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inaangalia zaidi kama mtu amepunguziwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine. Chanzo kiandikwe kwa usahihi kwa ajili ya tiba na fidia, lakini mhudumu asimrudishe mtoto eti ugonjwa wake hauko kwenye orodha.

Elimu ndiyo sekta ya mwisho kupata taarifa, na inapaswa kuwa ya pili. Mtoto akifikisha miaka 4, mzazi aende na faili kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, kabla ya kuandikisha awali. Barua ya kwenda shuleni iwe ya ukurasa mmoja na isijae majina ya kitabibu, kwa sababu mwalimu mwenye watoto 80 hatasoma zaidi ya hapo. Iseme aliumia lini, na anachohitaji darasani: akae mbele, upande ambao sikio linalosikia vizuri linaelekea kwa mwalimu, apewe agizo moja, alimalize, ndipo la pili, apumzike dakika 10 kila baada ya dakika 20 au 30 za kazi, hasa karibu na mchana, asichapwe kwa kusahau, akipata degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, wakati uhesabiwe, na ikizidi dakika 5 apelekwe kituo cha afya. Chini ya barua iwekwe namba ya simu ya mzazi na tarehe ya kipimo kinachofuata. Nakala moja abaki nayo mwalimu mkuu, kwa kuwa mwalimu wa darasa huhamishwa, na anayekuja Januari hatakuwa na habari hizi zote.